Jembe au Nyumba

Mwaka 2015, walipokuja kuandikisha wapiga kura kwa zile mashine za BVR, nilimsindikiza bibi yangu mzaa baba hadi kituo cha kujiandikisha. Kituo kilikuwa darasa la shule ya msingi, katika kijiji kimoja cha Kibondo. Tulifika kabla jua halijachomoza, tukakuta watu wameshapanga mawe kwenye mstari, kila jiwe likimshikia mtu nafasi. Mashine ilianza kazi karibu saa nne. Ilipofika zamu ya Bibi, kijana aliyekuwa mezani aliandika jina lake, akasita, akamtazama usoni.

"Bibi, wewe ni mzaliwa wa hapa hapa?"

Aliyekulia Kigoma analijua swali hilo. Kiha na Kirundi husikilizana, majina yetu yanafanana na ya ng'ambo, na mpaka ulipita katikati ya watu waliokuwa wakioana na kuuziana ng'ombe. Tumeulizwa swali hilo kwenye mabasi, kwenye vizuizi vya barabarani, na tulipokwenda kusoma mikoa mingine. Wengine huuliza kwa utani, wengine wakiwa wamevaa sare.

Bibi hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu. Alimtajia yule kijana jina la baba yake, akamtajia kilima alichozaliwa, akamtajia mtwale aliyekisimamia kilima kile, kisha akasema mtwale yule alikuwa mtu wa Mwami wa Muhambwe. Kijana hakuelewa hata moja. Mwenyekiti wa kitongoji aliyekuwa amekaa pembeni ndiye aliyecheka, akasema, "Mwandike huyo. Hayo majina hajayasoma kitabuni."

Akaandikwa, akapigwa picha, akaweka alama za vidole. Tukiwa njiani kurudi, gari la kampeni za mapema lilipita likitangaza jina la mtia nia wa ubunge wa Jimbo la Muhambwe. Bibi akasimama. "Muhambwe ni ya Mwami," akasema. "Huyu naye anaitaka?"

Nilicheka, lakini sentensi ile ilinikaa kichwani. Nilikuwa nimesoma historia hadi chuo kikuu, na sikuwahi kujiuliza kwa nini jimbo letu la uchaguzi linaitwa Muhambwe.

*

Kabla ya Wajerumani, nyanda za juu za Kigoma hazikuwa nchi moja. Buha ilikuwa na falme kadhaa, kila moja na Mwami wake: Heru, Muhambwe, Buyungu, Bushingo, Luguru na Nkalinzi. Chini ya Mwami walikuwapo watwale waliosimamia vilima, na pembeni yao wateko, wazee wa ardhi, ambao heshima yao ilitangulia ya Mwami mwenyewe kwa sababu wao ndio waliojua mashamba na mizimu ya mahali. Mtu hakuwa "wa Kibondo". Alikuwa wa kilima fulani, chini ya mtwale fulani, kwa Mwami fulani.

Mwaka 1916 Wabelgiji waliwafukuza Wajerumani, wakakaa Kigoma hadi 1921 walipowaachia Waingereza. Waingereza walileta utawala wao wa kupitia machifu. Mwami akawa mkusanya kodi, na mtwale akawa karani asiye na karatasi. Vijana wa Kiha walitafuta hela ya kodi hiyo mbali, kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, ambako waliitwa manamba. Katika miaka ya 1930, ugonjwa wa malale ulipotanda, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa Kibondo na Kasulu na kuwaweka kwenye makazi ya pamoja ili kuwaepusha na mbung'o. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wetu kuhamishwa kwa amri iliyotoka mbali, na haikuwa ya mwisho.

Wakati huo wote, Dar es Salaam kulikuwa na Baraza la Kutunga Sheria, lililoanzishwa mwaka 1926. Mwafrika wa kwanza hakuingia humo hadi 1945, na walioingia walikuwa machifu walioteuliwa na gavana. Hakuna aliyewauliza watu wa vilima vya Muhambwe.

Heru, kwenye wilaya ya Kasulu, kulitokea jambo ambalo vitabu vyangu vya sekondari havikulitaja kabisa. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni Mwami wa Heru alikuwa mwanamke, Theresa Ntare. Ndugu za mama yangu ni watu wa Kasulu, na wazee wao wanamtaja kwa jina moja tu, Mwami Theresa, bila kuona ajabu yoyote ya kueleza. Mimi ndiye niliyeshangaa. Nilikuwa nimefundishwa kwamba uongozi wa wanawake ulikuja na semina.

*

Uchaguzi wa kwanza wa wabunge ulipofanyika Tanganyika, mwaka 1958 na 1959, mtu kama bibi yangu asingeweza kupiga kura. Ulitakiwa uwe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa. Na ukiwa na sifa hizo, ulilazimika kupiga kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mzungu, moja kwa Mwasia. TANU ilikutana Tabora Januari 1958, ikagawanyika, kisha Nyerere akawashawishi wenzake wakubali kushiriki mfumo huo mbovu ili wauvunje kutoka ndani. Walishinda. Uchaguzi uliofuata, Agosti 1960, ulikuwa na viti 71, TANU ikachukua 70. Lakini katika majimbo 58 mgombea wa TANU hakuwa na mpinzani, kwa hiyo hakuna kura iliyopigwa. Nchi ilipata Bunge la uhuru huku sehemu kubwa ya wananchi wakiwa hawajashika karatasi ya kura ya mbunge.

Halafu, mwaka 1963, sheria ilifuta machifu. Mwami akawa raia kama wengine.

Kura ya kwanza ya Bibi ilikuwa Septemba 1965. Nimemuuliza habari zake mara nyingi, na kila mara hunijibu neno moja: "Jembe."

Nchi ilikuwa imeshaingia kwenye chama kimoja. Nyerere hakutaka uchaguzi ugeuke kuwa ibada ya kuitikia, hivyo ukatungwa utaratibu wa aina yake. Karibu katika kila jimbo, kati ya majimbo 107 ya Tanganyika, TANU ilisimamisha wagombea wawili, wote wa TANU. Kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma, mmoja alipewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba. Walizunguka pamoja, wakapanda jukwaa moja, wakasema kwa zamu. Walikatazwa kumsema mwenzao kwa kabila, dini au rangi, na lugha ya kampeni ilikuwa Kiswahili.

Bibi wakati huo Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Alisikia neno shule, neno barabara, neno zahanati. Mengine yalipita juu kama ndege. Alichagua jembe kwa sababu, anasema, nyumba alikuwa nayo tayari.

Mtu anaweza kuucheka uchaguzi wa namna hiyo, nami nikiwa chuoni niliucheka. Baadaye niligundua kwamba mwaka ule ule, kwa jembe na nyumba, wananchi waliwaangusha wakubwa. Paul Bomani, waziri wa fedha, alishindwa huko Mwanza. Katika chumba kile kidogo chama kilichowaachia, watu walipata nafasi ya kusema wewe hapana. Kwa rais hawakuwa na wa pili wa kumchagua, walikuwa na picha ya Nyerere upande mmoja na kivuli cheusi upande wa pili. Kwa mbunge walikuwa na watu wawili wenye sura.

Lakini mbunge wa zama zile alikuwa na kazi ya ajabu. Mwaka 1972 ilikuja Operesheni Kigoma, moja ya operesheni za mwanzo za kuwahamishia watu kwenye vijiji. Bibi alitoka kwenye kilima cha baba mkwe wake akapangiwa kiwanja kando ya barabara. Anakumbuka siku ya kuhama, mahindi yaliyoachwa shambani, na paa la nyumba lililotolewa ili mtu asirudi. Nilimuuliza, "Mbunge alisema nini?"

"Alikuja kutueleza kwamba ni vizuri."

Naamini jibu hilo linaeleza Bunge la chama kimoja kuliko mihadhara niliyohudhuria. Mbunge alitumwa na wananchi kwenda juu, lakini njia ilikuwa ikipitika zaidi kuteremka. Alileta maelezo. Wapo waliobisha ndani ya ukumbi, na historia inawakumbuka, ila chama ndicho kilichopitisha majina ya wagombea, na anayepitisha jina lako ana namna ya kukukumbusha.

*

Vyama vingi vilirudi mwaka 1992. Watu husema upinzani wa Kigoma ulianza na Zitto Kabwe, aliyeshinda Kigoma Kaskazini mwaka 2005 akiwa bado hajafikisha miaka 30. Ukweli ni kwamba ulianza mapema zaidi. Mwaka 1994 kulikuwa na uchaguzi mdogo Kigoma Mjini. Mgombea wa Chadema, Dk. Aman Walid Kabourou, alitangazwa kushindwa, akaenda mahakamani, na matokeo yakafutwa hadi Mahakama ya Rufani ikaafiki. Moja ya hoja kubwa ilikuwa redio ya taifa, kwamba iliegemea upande mmoja. Mwaka 1995 akachaguliwa kuwa mbunge.

Hayo yalikuwa ya mjini, kwenye reli na ziwa. Huku juu, Kasulu na Kibondo, tulikuwa na habari nyingine. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu wakavuka mpaka kwa wingi. Kambi zikaota: Mtabila, Kanembwa, Nduta na nyingine. Mwaka 1996 ikafunguliwa Nyarugusu kwa ajili ya Wakongo. Baba yangu alipata kibarua kwenye kambi, na sare yangu ya kwanza ya shule ilinunuliwa kwa hela hiyo. Lakini ni wakati huo huo swali la "wewe ni wa wapi" lilipozidi ukali. Kadiri wageni walivyoongezeka, ndivyo wenyeji tulivyotakiwa kuthibitisha kwamba sisi si wageni. Mbunge wa Kasulu Vijijini hadi leo anawakilisha jimbo ambalo ndani yake makumi ya maelfu ya watu wanalala, wanazaa na kuzika, bila kupiga kura. Naye mpiga kura wake jirani anaweza kushushwa kwenye basi akidhaniwa ni mmoja wao.

Katika hali hiyo ndipo uchaguzi wa 2010 ulipofika. NCCR-Mageuzi, chama ambacho wengi walishakizika, kilipata majimbo manne nchi nzima, na yote manne yalikuwa Kigoma. Kigoma Kusini alishinda David Kafulila. Matatu yaliyobaki yalikuwa ya kwetu nyanda za juu: Moses Machali Kasulu Mjini, Agripina Zaituni Buyogera Kasulu Vijijini, na Felix Mkosamali Muhambwe, kijana aliyekuwa bado katika miaka ya ishirini.

Nilikuwa mwanafunzi Dodoma. Sisi wa Kigoma tulitembea chuoni kama walioshinda kombe. Siku moja tulikwenda bungeni na kukaa kwenye jukwaa la wageni. Tulichotaka kusikia ni barabara, ile ya kutoka Nyakanazi kupita Kakonko, Kibondo na Kasulu kwenda Kigoma, ambayo masika iligeuka matope na kiangazi ikawa vumbi jekundu lililoingia hadi kwenye sahani ya ugali wa muhogo. Swali liliulizwa. Jibu likaja: upembuzi yakinifu unaendelea. Tukatazamana tukacheka hadi askari akatuonya. Nyumbani neno hilo lilikuwa limeshakuwa msemo. Ukimdai mtu hela yako, anakujibu yuko kwenye upembuzi yakinifu.

Ile furaha yetu haikudumu. Desemba 2011 NCCR ilimvua uanachama Kafulila, na kwa Katiba yetu mbunge asiye na chama hana kiti. Aliokolewa na zuio la mahakama. Nakumbuka nilivyoduwaa. Maelfu ya watu wamepanga foleni juani, halafu kikao cha chama, kwenye ukumbi mmoja mbali na Uvinza, kinaweza kufuta foleni yote. Tulidhani tumeachana na zama za chama kupitisha jina. Kumbe chama bado kilikuwa kimeshika mkia wa kamba.

Mwaka 2015 wale watatu wa nyanda za juu waliondoka wote. Machali alikuwa amehamia ACT-Wazalendo na akashindwa, baadaye akaingia CCM. Kasulu Mjini akarudi Daniel Nsanzugwanko, aliyewahi kuwa mbunge hapo kabla ya 2010. Muhambwe ikaenda kwa Mhandisi Atashasta Nditiye wa CCM. Upande wa Kakonko, jimbo la Buyungu lilifanya kinyume: lilimwangusha Christopher Chiza, aliyekuwa waziri wa kilimo, likamchagua Kasuku Bilago wa Chadema.

Marafiki zangu wa mikoa mingine huniuliza kama watu wa Kigoma ni wapinzani au ni wa CCM. Nikiangalia orodha hiyo, naona swali halijakaa sawa. Watu wetu wanakumbuka nani alikuja na nani hakuja, na kila miaka mitano wanatumia kile walichoachiwa mwaka 1965, uwezo wa kumwambia mtu mmoja wewe hapana. Chama anachovaa huja baadaye.

*

Tazama sasa majina. Kibondo na Kakonko, hadi uchaguzi wa 2020 majimbo yalikuwa bado yanaitwa kwa falme za zamani, Muhambwe na Buyungu. Kasulu, nchi ya Heru, majimbo yalipewa majina ya dira, Mashariki na Magharibi, kisha ya ofisi, Mjini na Vijijini. Heru imebaki kwenye kata na vijiji, kama Heru Juu na Heru Ushingo. Sheria ya 1963 ilimwondoa Mwami, lakini yeyote aliyekaa kuchora majimbo aliacha jina la nchi yake kwenye karatasi ya kura, na ndiyo maana Bibi aliuliza kama yule mtu wa kipaza sauti anaitaka.

Sisemi hayo kwa kuwatamani watawala wa zamani. Mwami hakuchaguliwa na bibi yangu, na kodi yake ililiwa. Ila mtwale alikaa kilimani. Ukiwa na shida ulijua mlango wake, na yeye alijua wewe ni mtoto wa nani. Mbunge tumempa kura, lakini mlango wake uko Dodoma. Bunge letu lina chumba kimoja tu, halina baraza la wazee la kukaa juu yake. Kwa watu wa kilimani, naona chumba kilichopungua ni kile cha chini: mahali ambapo mtu anajulikana bila kuulizwa karatasi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya misiba. Bilago alifariki Mei 2018, na katika uchaguzi mdogo wa Agosti mwaka huo Chiza akarudi kwenye kiti cha Buyungu. Nditiye, akiwa amechaguliwa tena 2020, alifariki Februari 2021 baada ya ajali ya gari. Mwezi uliofuata Dk. Philip Mpango, mbunge wa Buhigwe, akawa Makamu wa Rais, na kiti chake kikawa wazi. Tarehe 16 Mei 2021 Muhambwe na Buhigwe zilipiga kura siku moja. Muhambwe ilimchagua Dk. Florence Samizi.

Nilihesabu. Buyogera mwaka 2010, Profesa Joyce Ndalichako Kasulu Mjini mwaka 2020, Samizi mwaka 2021. Nyanda ambazo watu huzitaja kama mwisho wa nchi zilikuwa zimewachagua wanawake watatu katika miaka kumi na mmoja, majimboni, si kwa viti maalumu. Jioni ya siku ile nilimpigia Bibi simu kumweleza ugunduzi wangu.

"Umempa nani, Bibi?"

"Si mlisema kura ni siri?"

"Safari hii kuna mwanamke."

"Heru walikuwa na Theresa," akasema. "Kwa hiyo?"

Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa nikilikwepa: mimi nimempa nani? Nikamwambia ukweli. Nimeandikishwa mjini, ninakofanyia kazi. Nimesoma maswali na majibu ya wabunge wetu kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, nimebishana juu yao kwenye vijiwe vya kahawa na mitandaoni, lakini sijawahi kumpigia kura mbunge wa Muhambwe hata mara moja. Bibi alikaa kimya kidogo. Halafu akasema nisijali, yeye amekwenda.

Mwaka uliofuata nilimchukua kwenda kumwona daktari wa macho. Kwenye kizuizi kimoja basi lilisimama, akapanda mtu akaanza kuuliza vitambulisho kuanzia viti vya nyuma. Nilianza kuandaa maneno ya kumtetea, nimepanga hadi tarehe. Bibi hakunisubiri. Alifungua fundo la kanga, akatoa ile kadi ya mpiga kura ya mwaka 2015, iliyokuwa imeanza kupauka picha, akainyoosha kabla hajaulizwa.

Yule mtu aliitazama, akamrudishia, akapita. Bibi akaifunga tena kwenye kanga, akageukia dirishani. Kwa hesabu zangu za chuo, kadi ile ilikuwa ya kumchagua mbunge. Yeye alikuwa ameitumia kila mwezi kwa kazi nyingine.

"Wakija tena kuandikisha," akasema, "uje mapema tupange jiwe."